Shuka Katikati ya Ukumbi

Ninyi vijana wa chumba cha walimu mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, kwa kuwa nimerudisha funguo za ukumbi na hakuna aliyebaki anayejua namna ya kuibembeleza projekta ile. Nitaandika. Ya vyeo na mishahara hamtayakuta hapa. Cheo changu kilikuwa kidogo, na mshahara mnaujua, maana ni huohuo mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na nitajisifu, kwa sababu nimengoja muda mrefu mtu mwingine anisifu na aliyejitokeza ni mkuu wa chuo. Siku ya kuniaga alinisifu kwa jambo ambalo nililipinga mpaka sauti ikanikauka. Nitafika huko.

Mama yangu aliuza ndizi kando ya barabara pale Keumbu. Sikuwa na mjomba ofisini wala shemeji serikalini. Nilikwenda Uingereza kwa jasho langu, nikafanya kazi ya kuwatunza vikongwe katika nyumba yao, na jioni nikasomea diploma ya kufundisha Kiingereza kwa wageni. Diploma ni moja tu, nami nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Wenzangu wa idara wana digrii. Sijawahi kuona digrii zao zikimfanya mwanafunzi afungue mdomo.

Hata hivyo Kiingereza chenyewe sikukipata kwenye diploma. Nilikipata katika chumba cha televisheni cha vikongwe wale. Kila Jumapili baada ya chakula walionyeshwa filamu za vichekesho za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe, nyingine hazina hata sauti. Nilikuwa naelewa maneno yote, na bado nilikuwa sijui wanacheka nini. Mama mmoja aliyeitwa Bi Winifred, ambaye ujanani alikata tiketi mlangoni pa sinema, alinitazama siku moja nikiwa nimekunja uso.

"Wewe unasikiliza midomo," aliniambia. "Usiniulize amesema nini. Niulize anamwogopa nani."

Tangu siku hiyo nikaona. Mtumishi anamwogopa bwana, bwana anamwogopa mkewe, mke anawaogopa majirani, na wote wanamwogopa polisi mpaka polisi atumbukie majini. Bi Winifred alinieleza kwa nini mtumishi alipita mlango wa nyuma, na kwa nini watu walioshinda na njaa walitoa senti zao za mwisho kwenda kumwona tajiri akipigwa keki usoni. Alinieleza viwanda, vita, na foleni za mkate. Hiyo ndiyo historia ya utamaduni wa Waingereza, na nilifundishwa na mwanamke niliyekuwa namfunga kamba za viatu. Chuo kilichonipa diploma hakikuwa na mwalimu wa kumfikia.

Kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, jambo ambalo hapa kwetu halisadikiki.

"Walikufukuza?" jirani yangu aliniuliza wiki ya kwanza, akiwa ameegemea ua.

"Nimerudi mwenyewe."

"Mtu harudi, ndugu yangu. Mtu hurudishwa."

Mpaka leo sidhani kama ameniamini.

Chuo chetu hiki, upande wa Nyamira, kilinichukua nifundishe wauguzi na watu wazima. Nilipoingia na projekta yangu na flashi iliyojaa filamu kuukuu, mkuu wa idara wa wakati huo aliita wenzake waje kuona "mwalimu wa sinema". Walicheka sana. Ilikuwa mara ya mwisho kwa kicheko kusikika siku hiyo, kwa sababu darasani hakuna aliyecheka. Mtu kwenye picha alipanda ngazi, akateleza, akaanguka ndani ya pipa la rangi, na darasa zima likasema kwa sauti moja, "Woi! Pole!"

Mama mmoja mkulima wa chai akainua mkono. "Mwalimu, huyo ameumia. Hao wenzake wanaocheka ni watu wa namna gani?"

Mwalimu mwenye digrii angemwambia anyamaze atazame. Mimi niliandika swali lake ubaoni, na muhula mzima tulikuwa tunalijibu kwa Kiingereza. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Kwa hiyo shikeni haya. Anzeni bila sauti. Simamisheni picha kwenye uso, si kwenye tendo. Ulizeni ni nani anamwogopa nani, na msikubali jibu la neno moja. Waacheni waseme wenyewe ambayo yule mtu angepaswa kusema, ndipo mfungulie sauti. Neno ambalo mtu amelicheka halimtoki, lakini neno aliloandikishwa humtoka kabla hajafika langoni. Na projekta ile msiizime ghafla ikiwa bado ina joto, hata mkuu wa chuo akiwapigia kelele kwamba stima ni ghali.

Darasa la watu wazima lilikuwa Jumapili alasiri, kwa kuwa Jumamosi Waadventista wako kanisani na Jumapili asubuhi ni zamu ya Wakatoliki. Humo nilikuwa na wanafunzi wawili waliowapita wote niliowahi kufundisha. Wa kwanza alikuwa Mzee Ong'era, mkulima wa chai wa Gesima. Wanawe wawili wako Marekani, na wajukuu wake hawajui Ekegusii wala Kiswahili. "Wananisalimu kwenye simu," aliniambia siku ya kujiandikisha, "nami nacheka tu kama mjinga. Nataka niwajibu kabla sijafa." Wa pili alikuwa Kwamboka, muuguzi katika zahanati ndogo, mke wa kitindamimba wa mzee huyohuyo. Mumewe alikuwa kibaruani Nairobi. Yeye alikuwa anajiandaa kwa mahojiano ya kazi ya hospitali ng'ambo, na mahojiano yale hayakuwa ya dawa na sindano tu. Wahojaji hupenda kupiga soga na mtu, waone kama ataweza kukaa na mgonjwa wa kwao. Vyeti alikuwa navyo. Alichokosa ni ulimi, na ulimi ulikuwa kwangu.

Wengine wenu mmetoka kaunti za mbali, basi niwaeleze jambo moja. Kwetu Wagusii tuna *chinsoni*, heshima ya kuoneana haya kati ya wazazi na watoto, na zaidi kati ya wakwe. Mkwe na mke wa mwanawe wanaweza kulima shamba moja na kusali kanisa moja. Lakini jambo lolote la mwili, la nguo za ndani, la utupu, hawalisikii pamoja, hawalitazami pamoja, na Mungu awaepushe, hawalicheki pamoja. Hakuna anayeliandika. Mtoto hulinyonya tu kama maziwa.

Sasa, vichekesho vya Waingereza vya zamani vina suruali nyingi mno zinazowavuka wenyewe. Siku ya kwanza suruali iliponasa kwenye msumari wa uzio, Kwamboka aliona linalokuja kabla halijafika. Alitoka nje akiwa ameshika simu sikioni, simu ambayo haikuwa imelia. Mzee Ong'era alianza kukagua mbao za dari kama fundi aliyeitwa kuzipima.

Sikumwuliza yeyote kitu. Jumapili iliyofuata nilikuja na shuka jeupe, jepesi, nililolichagua mwenyewe soko la Kisii mjini. Nikalitundika katikati ya ukumbi badala ya ukutani, nikalilowesha maji ili mwanga upenye, nikapanga viti pande zote mbili. Picha ikaonekana mbele na nyuma. Nikasema tu, "Nyuma kule kuna hewa nzuri." Sikutaja jina la mtu. Kabla sijamaliza kuunganisha spika, darasa lilikuwa limejigawa lenyewe. Kwamboka alikwenda nyuma. Kijana mmoja wa Nyamarambe alimwona mama mkwe wake akiketi mbele, naye akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Kutoka upande mmoja ulisikia kicheko upande wa pili, lakini hukuona ni uso wa nani. Na usichokiona kwetu hakijatokea.

Nawaambia hili kwa majivuno kamili: halimo katika kitabu chochote cha ualimu. Na lilikuwa na faida ambayo hata mimi sikuitazamia. Walioketi nyuma waliona kila kitu kimegeuka, hata maandishi. Hawakuweza kusoma, basi ikawalazimu kubahatisha, kuulizana, kubishana kwa Kiingereza. Katika miezi michache watu wa nyuma waliwapita watu wa mbele. Kwamboka akaanza kunitania. Siku moja nilichelewa, akaniambia kwa Kiingereza safi, na kwa uso mkavu kama wa mtumishi wa kwenye filamu, kwamba bwana mkubwa amefika na chai yake imepoa. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Keumbu. Mtu akishaweza kukutania katika lugha, kazi ya mwalimu imekwisha.

Kisha akaja mkuu huyu wa chuo wa sasa. Alizaliwa Kisii mjini, akasomea mbali, na Ekegusii chake ni cha kuombea maji. Aliingia ukumbini Alhamisi moja akanikuta naanika shuka.

"Mwalimu, hii shuka ni ya nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akitazama simu yake.

"Kwa hiyo unatenga wanawake."

"Sitengi wanawake. Nyuma kuna wanaume pia. Yule kijana wa Nyamarambe anamkwepa mama mkwe wake."

"Tuko karne gani, Mwalimu? Wewe si umeishi Ulaya? Jumapili ijayo kuna wageni wanaotaka kutusaidia na vifaa. Wakikuta pazia katikati ya darasa watasema nini?"

"Watasema wameona kitu ambacho hawajakiona kwingine."

"Ishushe. Na uwaonyeshe ile filamu inayochekesha kuliko zote. Nataka wageni waone watu wanafurahi."

Nilimwambia basi tuweke filamu nyingine, ya watu na magari tu. Alikataa. Nilimwambia nitawaweka mzee na Kwamboka mbali. Alisema viti atapanga mwenyewe, kwa sababu mimi ni mkaidi. Nilimfuata mpaka ofisini kwake, nikasema mpaka karani akatoka nje kwa aibu. Hakunisikia. Nilikuwa mzee mwenye diploma, naye alikuwa na digrii mbili na kiti kinachozunguka.

Jumapili hiyo alipanga viti. Alikuwa amesikia kwamba Mzee Ong'era na Kwamboka ni watu wa boma moja, basi akawaketisha safu ya mbele, bega kwa bega, na kuwaambia wageni kwa sauti ya mahubiri, "Hapa familia nzima inajifunza pamoja!" Wageni wakapiga makofi. Kwamboka akanitazama mimi. Mzee akatazama kofia yake. Hakuna aliyeweza kusema neno, kwa sababu kusema kwa nini hamwezi kuketi pamoja ni kulitaja jambo lenyewe, na kulitaja mbele ya mkwe ni kosa kubwa zaidi.

Niliiwasha mashine. Nilitumaini stima itapotea, kama ipoteavyo kila tunapoihitaji. Siku hiyo iliwaka bila hata kupepesa.

Kwenye picha mwanamume alikuwa anamkimbia polisi. Alijificha nyuma ya kamba ya nguo, akatoka upande wa pili akitembea kwa madaha, akavua kofia kumwamkia mama wa heshima, bila kujua kwamba suruali imebaki kwenye kamba. Kwamboka hakuwahi kuangalia chini. Alikuwa amejifunza vizuri mno kutazama nyuso, na uso wa yule mama wa heshima ndio uliomponza. Kicheko kilimtoka, kikubwa, cha tumboni, sentimita chache kutoka bega la baba mkwe wake.

Mzee Ong'era alisimama, akavaa kofia, akatoka. Mgeni mmoja alimwonyesha mlango wa choo kwa ukarimu. Kwamboka alibaki ameketi, mikono imefunika mdomo, huku picha zikipigwa. Mkuu wa chuo aliniambia baadaye kwamba ilikuwa picha nzuri kuliko zote, mwanamke wa kijijini amezidiwa na furaha. Siku ya kuniaga alinisifu kwa Jumapili hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata viti vyao vyote viwili vilikuwa vitupu, na mahojiano yalikuwa yamekaribia. Nikapanda Gesima. Mzee nilimkuta kwenye chai yake, kikapu mgongoni.

"Mwalimu, karibu. Mvua imekuwa nzuri."

"Nzuri sana, tata," nilimjibu, nikimwita baba kwa Ekegusii. "Nimekuja kwa habari ya darasa."

"Darasa ni zuri. Mimi macho yamechoka, sitarudi. Mwambie yule mtoto aendelee."

Macho yake yalikuwa yanaona jani lenye kasoro hatua kumi mbele. Nikaenda jikoni, ambako Kwamboka alikuwa anamenya ndizi.

"Mzee anasema uendelee."

"Ameacha yeye?"

"Amesema macho yamechoka."

Aliweka kisu chini. "Basi mimi ndiye nimemfukuza. Nikirudi kuketi pale, nitamwangalia nani usoni hapa nyumbani? Mwambie baba arudi. Mimi nitasoma na simu."

Nikarudi shambani, nikarudi jikoni, nikarudi shambani. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake nafasi ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuikalia. Mwishoni mzee alisimama kati ya mistari ya chai, akafuta mikono, akasema polepole, "Mwalimu, lile shuka lako lilikuwa shuka zuri." Nikamfikishia Kwamboka. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Likirudi, tutarudi," alisema.

Ni hilo tu lililotakiwa. Kitambaa. Nilishuka mlima nikiwa nimeshinda, na Jumatatu nikasimama mbele ya kile kiti kinachozunguka.

"Haiwezekani," mkuu wa chuo alisema. "Wageni wameandika kwamba chuo chetu kimevunja mila za kutengana. Unataka nirudi nyuma?"

"Nataka Kwamboka apite mahojiano."

"Asome kama wengine, Mwalimu. Mtu mmoja hawezi kuendesha chuo."

Nilikwenda stoo kulichukua shuka langu. Lilikuwa limekatwa vipande vya kufutia ubao. Nilinunua jingine, nikakuta ukumbi umewekwa kufuli jipya, na funguo zake sikupewa mpaka mahojiano yalipopita. Kumfundishia Kwamboka nyumbani kwangu Keumbu haikuwezekana. Mke wa mtu, mumewe yuko Nairobi, anaingia kila Jumapili kwa mwanamume aliyetoka Ulaya? Soko lingekuwa na habari kabla ya chai kuchemka. Basi akasoma na simu, peke yake, kwa lugha ambayo haitaniwi na mtu.

Hata hivyo sikukata tamaa, maana nilijua nilichopanda. Siku chache kabla ya mahojiano nilisikia habari iliyonifurahisha. Mzee Ong'era alikuwa ametangaza kwamba atamsindikiza Kwamboka mwenyewe hadi Kisii mjini, kwenye saiba ambako angezungumza na wahojaji kwa kompyuta. Kwetu hilo ni tamko kubwa kuliko hotuba. Alikuwa anauambia mlima mzima kwamba hana kinyongo na mke wa mwanawe. Niliposikia, nilijisemea kwamba bado kuna watu.

Kwamboka alishindwa mahojiano. Walimwandikia kwamba ujuzi wake wa uuguzi ni mzuri lakini hawezi kuzungumza. Kwamboka, aliyeniambia kwamba bwana mkubwa amefika na chai yake imepoa!

Nilimkuta Keumbu siku ya soko na sikuweza hata kumwamkia vizuri. "Walikuuliza nini?"

"Mambo ya wodi niliyajibu yote, Mwalimu. Walicheka hata mara mbili. Halafu wakasema, sasa tupumzike kidogo, utusimulie jambo lililokuchekesha sana siku hizi."

"Na wewe?"

"Nikanyamaza."

"Ukanyamaza! Hilo swali si tumelifanya mwaka mzima? Ungesema lolote. Ungewasimulia ile filamu."

"Ndiyo iliyonijia. Haikunijia nyingine yoyote. Nikafungua mdomo, nikaona siwezi."

"Kwa nini usiweze? Ulikuwa peke yako na kompyuta."

Alipanga upya ndizi kwenye kapu lake, ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

"Kile chumba ni cha mbao nyembamba tu, Mwalimu. Baba alikuwa ameketi upande wa pili ananingoja. Angekuwa mzee mwingine ningesimulia." Akaniangalia bila hasira yoyote. "Lakini huyu sasa anasikia Kiingereza. Wewe umemfundisha vizuri."